Kwa Binti Anayetaka Kuacha Kazi Aende Jukwaani

Wiki iliyopita msomaji wa Nakuru aliniandikia. Ana miaka 26, ni mhasibu kama mimi, sauti yake nzuri (kwa maneno yake), na barua ya kujiuzulu kaiandika tayari ili ajitose kwenye tamthilia za nyimbo. "Shangazi, niipeleke?"

Usiipeleke. Usinune kwanza, nisikilize.

Mimi nilikuwa alto (sauti ya chini ya wanawake) wa kwaya ya shule, enzi za solfa, yaani do-re-mi, kuandikwa ubaoni kwa chaki na shule nzima kuota tamasha la kitaifa la muziki. Niliipenda kwaya, lakini kusimama wima kama mlingoti kulinichosha. Nikiimba habari za mama aliyefiwa, nilitaka niwe huyo mama: nitembee, nianguke, nigombane na mtu. Nikitikisa bega kidogo tu, mwalimu ananikata jicho. Nyumbani nao wakasema nisomee kitu cha maana. Nikasomea uhasibu. Miaka hiyo nairuka, haina utamu.

Tangu niajiriwe, maisha yangu yamepangwa na tarehe mbili: tarehe 9, kodi ya mishahara, tarehe 20, VAT. Siku zilizobaki ni za mazoezi. Natoka kazini saa kumi na moja jioni, nala ndizi njiani, saa kumi na mbili niko ukumbini nikipasha sauti na watu ambao nao wametoka hospitalini, madarasani na benki. Maneno ya nyimbo nayakariri ndani ya matatu. Abiria wameshanizoea.

Kuna kundi moja, silitaji, lililowahi kunipa nafasi kubwa kisha likaninyang'anya onyesho likikaribia. Mwelekezi alisema mbele ya wote kwamba mtu wa ofisi hawezi kuwa msanii kamili. Nilinunua tiketi yangu, nikakaa safu za mbele. Noti ya juu ya wimbo wa mwisho haikufikiwa. Ukumbi wote ulisikia. Mimi sisemi kitu.

Ila nauliza: hiyo habari ya msanii kamili ilitoka wapi? Mwaka 1977, pale Kamiriithu, Limuru, walioigiza ile tamthilia ya Kikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, iliyojaa nyimbo na densi, walikuwa wakulima na vibarua. Walifanya mazoezi wikendi, katika ukumbi wa wazi waliojijengea wenyewe. Ilifunguliwa Oktoba 2, na kufikia katikati ya Novemba serikali ilikuwa imefuta leseni ya kuionyesha. Mwaka 1982 wakarudi na nyingine, yenye nyimbo zaidi. Wakafungiwa mlango wa Kenya National Theatre, wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi, na watu wakafurika kutazama mazoezi tu! Baadaye ukumbi wao wa Kamiriithu ukabomolewa na polisi. Mtu hatumiwi polisi kwa sababu ya kujifurahisha baada ya kazi.

Sasa hesabu, kwa kuwa wewe ni mhasibu. Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, onyesho moja huchezwa mara nane kwa wiki, na likipendwa laweza kuendelea miaka. Hapa kwetu mnafanya mazoezi miezi, mnalipia ukumbi, bendi, maikrofoni na mavazi, halafu mnacheza wikendi moja au mbili basi. Pesa ya kugawana ni ya nauli na chakula. Rafiki zangu walioacha kazi wanaishi kwa kuzunguka shuleni wakiigiza setibuku, kurekodi matangazo na kuwa MC harusini. Ni kazi halali, lakini wengi wao huniambia hawana tena muda wa kuimba.

Mwezi uliopita nimecheza nafasi ya nyanya mzee, na wimbo wake ni wa peke yangu. Watu walisimama. Bosi wangu, aliyezoea kuniuliza "bado unaenda kwenye ngoma zako?", alikuwamo, na Jumatatu hakuuliza.

Kwa hiyo mwanangu, fanya mazoezi. Panda ngazi za ofisi ukiimba bila kukata pumzi, maana jukwaani utacheza densi na kuimba kwa pamoja, na hapo ndipo waimbaji wa studio huumbuka. Mwambie mkubwa wako tarehe za maonyesho mapema. Siri huzaa uongo na uongo huzaa barua ya onyo. Fanya mazoezi tena. Nyinyi vijana mnataka jukwaa liwalishe kabla hamjalitumikia. Tumikeni kwanza!

Nakuru mna Nakuru Players Theatre. Nenda kaulize usaili unafanyika lini. Beba viatu vya kuchezea, wimbo mmoja wa taratibu na mmoja wa kasi, na usichague ule ambao kila mtu anauimba. Barua iache kwenye droo.