Mtoano wa karata mtandaoni: wapeni nafasi ya pili

Ndugu, umeuliza kama mashindano yenu ya karata mtandaoni, watu 32, yachezwe kwa mtoano wa ukifungwa unatoka. Uzuri wake ni wepesi: raundi 5, mechi 31, jioni moja mmemaliza. Lakini karata si drafti. Mkono mbovu humwangusha hata fundi, na watu 16 wanaaga baada ya raundi ya kwanza tu. Mimi niliwahi kumsubiri mpinzani saa nzima, nikagawiwa karata bila turufu hata moja, kisha mtandao ukakatika, nikatolewa. Iliniuma sana.

Ningechagua mtoano wa kufungwa mara mbili: ukifungwa mara ya kwanza unahamia upande wa waliofungwa, ukifungwa tena ndipo unatoka. Mechi zinafika 62, au 63 fainali ikirudiwa kwa sababu aliyekuwa hajafungwa kafungwa humo, kwa hiyo zigawanyeni kwa siku mbili. Anayepitia upande wa waliofungwa hucheza mechi nyingi zaidi, na hufika fainali kachoka.

Muda usiporuhusu, bakini na mtoano wa kawaida, ila kila mechi mshindi awe wa michezo 2 kati ya 3. Na dakika za kumsubiri aliyekatikiwa mtandao zitangazeni kabla hamjaanza.