Kwa nini Hispania ilianza na Sevilla
Umeuliza kwa nini reli ya kwanza ya kasi ya Hispania ilitoka Madrid kwenda Sevilla, ilhali Barcelona ina watu na biashara zaidi. Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1992 yalifanyika Sevilla, na njia ya zamani ya kusini, iliyopenya milima ya Sierra Morena, ilikuwa imeelemewa. Barcelona ikasubiri hadi 2008. Uamuzi mzito zaidi, kwa maoni yangu, ulikuwa kutumia geji (upana kati ya reli mbili) ya kimataifa ya milimita 1,435 badala ya ile ya Kihispania ya 1,668, kwani ndio uliorahisisha kuunganishwa na Ufaransa, ingawa treni zinazoendelea na safari kwenye reli za zamani hulazimika kupita kwenye mitambo ya kurekebisha nafasi kati ya magurudumu.