Hamsini yangu na ng'ombe wa Waisraeli

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Nauza sukuma Kawangware. Jumapili mzee wa kanisa alisema kutoa shilingi hamsini ni kumdharau Mungu, kwani Waisraeli walitoa ng'ombe. Yangu ilikuwa imefungwa kwenye pindo la leso. Nikairudisha nyumbani.
Mama Mboga

JIBU: Mama, huyo mzee alifunga Biblia mapema. Angeendelea hadi Walawi 5, kwenye sadaka ya dhambi: asiyeweza mwanakondoo alete njiwa wawili, asiyeweza njiwa, alete sehemu ya kumi ya efa ya unga. Hizo ni kama lita mbili, yaani gorogoro moja hivi, bila mafuta wala ubani. Kuhani alichota konzi moja akaiteketeza madhabahuni. Uliobaki ulikuwa wake. (Makuhani nao walikula, tusisahau.) Hata Mariamu, baada ya kumzaa Yesu, alitoa ndege wawili.

Mwenye ng'ombe wengi alikuwa Sauli. Aliambiwa asibakize mifugo ya Waamaleki, akabakiza walionona, akadai ni wa kumtolea Mungu. Samweli akamjibu kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu, na ufalme ukamponyoka.

Hamsini yako ilete Jumapili. Leso ifue kwanza, ikiwa ina tope la sukuma.