Jibu: Sanaa kama somo katika sekondari binafsi hapa Arusha

Dada yangu wa Moshi, umeuliza kama binti yako atapoteza muda akihamia sekondari binafsi hapa Arusha inayofundisha uchoraji na maigizo. Hatapoteza, mradi uhakikishe jambo moja kabla ya kulipa ada: muulize mkuu wa shule kama sanaa ni somo lililo kwenye ratiba na linalotahiniwa na NECTA, baraza la mitihani la taifa, kidato cha nne, au ni klabu ya Ijumaa jioni tu, kwa kuwa nimeona shule zinazotangaza sanaa ilhali hazina mwalimu aliyeisomea. Omba kuona chumba chenyewe. Penye kazi kweli utakuta rangi zilizokauka mezani, michoro iliyofutwa na kurudiwa, na ngoma zilizochakaa kwa kupigwa. Jukwaa linalong'aa lisikuvutie sana, maana maigizo hujengwa katika mazoezi ya miezi, mtoto akijifunza kupumua, kumsikiliza mwenzake na kutoa sauti ikafika nyuma ya ukumbi. Kuhusu masomo ya mbele, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kilichopo Usa River, hufundisha muziki, na kule Bagamoyo ipo TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni.