Babu alisema nirudie

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama vitabu vya kale tunavyosomeshwa shuleni vinachekesha, au ni vya kujibia mtihani tu. Vinachekesha sana. Ila mimi hilo sikulijua darasani, nililijulia uani kwetu, Mnazi Mmoja, Lindi, msimu wa korosho.

Nilikuwa kidato cha tatu, tunasoma Mabepari wa Venisi, tamthiliya ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri ikatoka mwaka 1969, yeye akiwa Rais. Daftari langu lilijaa dhamira: ubaguzi, kisasi, tamaa ya mali. Kuhusu mtumishi Launcelot Gobbo niliandika mstari mmoja, "Anakutana na baba yake." Mwalimu akautia tiki, tukasonga mbele.

Likizo ya Desemba nikarudi na kitabu hicho nyumbani. Macho ya babu yalikuwa yameshaingia ukungu. Jioni tulikuwa tunabangua korosho za kula: unazikaanga kwenye kipande cha pipa mpaka zishike moto, unazimwagia mchanga, kisha unagonga moja moja, mikono umeipaka majivu ili mafuta ya maganda yasikuunguze. Babu akaniambia, "Mke wangu, unasoma kimoyomoyo, na sisi tusikie nini? Toa sauti."

Nikatoa. Mzee Gobbo, ambaye haoni vizuri, anaitafuta nyumba ya Shylock, Myahudi mkopesha fedha, anakotumika mwanawe. Njiani anamuuliza kijana mmoja, asijue kwamba ndiye mwanawe huyohuyo. Launcelot anamwelekeza: kona ya kwanza kata kulia, inayofuata kata kushoto, na ile nyingine usikate upande wowote. Babu akaacha kugonga. "Huyo namfahamu," akasema. "Ndiye aliyenielekeza hapo njia panda, nataka kwenda Mtwara, nikajikuta kwenye gari la Masasi!" Akacheka mpaka akakohoa. "Rudia." Nilirudia mara tatu.

Kisha kijana anamwambia mzee kwamba mwanawe amefariki. Mzee analia: mtoto yule ndiye aliyekuwa mkongojo wangu, nguzo ya uzee wangu. Launcelot anauliza, kwani mimi nafanana na fimbo, au na nguzo ya banda? Hapo nilisita, maana darasani tungeandika "ukatili". Babu akasema, "Huo utani." Na kweli, sisi watu wa kusini tumekua tukiona mtani anaingia msibani, anaiga mwendo wa marehemu na sauti yake, anadai apewe chochote ndipo maziko yaendelee, na wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Sikio la kusikia mchezo ule tunalo tangu utotoni. Mwanafunzi wa Lindi hahitaji kufundishwa kwamba kifo na kicheko vinaweza kukaa mkeka mmoja. Anahitaji kusomewa kwa sauti.

Si kila penye kicheko kitabuni babu alicheka. Jessica anapotoroka na mali ya baba yake, Shylock, watu wa Venisi wanamwigiza mzee huyo akililia binti na fedha, na watoto wa mji wanamfuata nyuma wakimzomea. Nilipofika hapo babu alinyamaza, halafu akauliza, "Kaibiwa na mwanawe, wanamchekea nini?" Swali hilo lilinifundisha ubaguzi kuliko ukurasa mzima wa maelezo niliyonakili ubaoni.

Siku hizi mimi mwenyewe nafundisha Kiswahili, na siandiki dhamira kabla wanafunzi wawili hawajasimama mbele wakasoma. Hata Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, inafunguka hivyo. Nchi nzima inaelea hewani, waziri anayeshtaki anaitwa Majivuno, na kosa la mshtakiwa, Karama, ni kufundisha watu sheria! Ukilisoma shtaka hilo kwa sauti nzito ya barazani, darasa linaangua kicheko, na baada ya kicheko wanaanza kuuliza maswali ambayo sikuwapa.

Lakini nimewaacha Gobbo na mwanawe njiani. Kijana anajitambulisha, anapiga magoti aombe radhi ya baba. Mzee anapapasa kichwa, anakumbana na nywele za kisogoni, anadhani ni ndevu: mwanangu, umefuga ndevu kuliko mkia wa farasi wangu!

"Lete hapa," babu akasema. Nikasogea, nikapiga magoti juu ya maganda ya korosho, nikampa kisogo. Nilikuwa nimesukwa twende kilioni. Vidole vyake vyenye majivu vikapita polepole, mstari baada ya mstari, mpaka shingoni.

"Ndevu," akasema. "Tena zimesukwa."