Breki zimelia, mlango umelia: vitenzi vya sauti tuvitafsiri vipi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko Tabata, natafsiri hadithi za watoto kutoka Kiingereza. Kiingereza kina kitenzi kwa karibu kila mlio: majani makavu yana chake, bawaba ya mlango ina chake, mnyororo una chake, kitu kikitumbukia majini kina chake. Mimi najikuta naandika "ilitoa sauti" kila baada ya mistari miwili, na mhariri amenirudishia kazi nzima. Je, Kiswahili hakina vitenzi hivyo, au mimi ndiye sivijui?

Jibu: Marahaba. Vipo ambavyo huvijui, vipo ambavyo havipo, na katikati ya hayo mawili kuna jambo la tatu ambalo nadhani ndilo lililokukwamisha.

Tuanze na vile vilivyopo. Majani makavu *huchakarika*, na sauti yenyewe ni *mchakacho*. Mahindi kikaangoni *hutatarika*, na mtu anayesema harakaharaka bila kupumua naye tunasema anatatarika. Ukuni mkavu *hualika* motoni, na vidole hualika ukivivuta. Siku hizi ukimwambia kijana wa Dar kwamba vidole vimealika, atauliza vimemwalika nani harusini. Ngoma *hurindima*. Radi ya mbali *hututuma*, ikikaribia *hunguruma*. Nyuki na upepo *huvuma*, na habari nazo huvuma, ila lugha imezitenganisha kwenye nomino: sauti ni mvumo, habari ni uvumi. Mgonjwa mwenye maumivu *hugumia*. Asiyekubaliana nawe *huguna*. Mwenye dharau *husonya*, na msonyo wa dirishani mwa daladala hauhitaji maelezo. Kuku akishataga *hutetea*, jogoo *huwika*, mbwa *hubweka*. Vyote hivi vimo katika kamusi zetu za kawaida, na mfasiri wa hadithi za watoto asiyevitumia anawanyima watoto haki yao.

Ushauri wa kutafutia: anza na nomino, usianze na kitenzi. Mshindo, kishindo, mvumo, mkwaruzo, mtutumo, mnong'ono, mkoromo. Ukishaipata nomino, mara nyingi kitenzi kimelala pembeni yake, na kama hakipo, nomino yenyewe inatosha: "alianguka kwa kishindo" haina upungufu wowote.

Halafu kuna *lia*. Watu wengi wakifika kwenye kitenzi hiki huona aibu, kana kwamba ni ushahidi wa umaskini wa lugha. Mtoto analia, paka analia, punda analia, kengele inalia, bunduki inalia, njuga zinalia, breki zinalia. Kiingereza kingekupa vitenzi saba hapo. Lakini msikilizaji wa Kiswahili hasikii sauti moja mara saba. Kiima ndicho kinachompa sauti: akishajua ni punda, anajua kilio cha punda. Nenda gereji yoyote usikilize. Fundi anauliza, "Inalia au inagonga?" na kwa maneno hayo mawili tu ameshagawa magonjwa ya gari mafungu mawili. "Mkanda unalia ukiwasha asubuhi" ni utambuzi kamili wa tatizo. Simu nayo: kwako uliyepigiwa *inalia*, kwangu ninayesubiri upokee *inaita*. Tofauti hiyo tuliitengeneza wenyewe, hatukuiazima popote. Kwa hiyo "mlango ulilia" ni Kiswahili safi kabisa. Ukitaka kuongeza chumvi, taja bawaba kavu.

Njia nyingine ni kutaja tendo na kuiacha sauti ijisemee. Bilauri *ziligongana*. Mvua *iliyapiga* mabati. Kiti *kilikwaruza* sakafu. Asiyewahi kulala chini ya bati wakati wa masika pengine atahitaji msaada, lakini wasomaji wako si hao. Tena kuna familia kubwa ya *piga*: piga mluzi, piga chafya, piga mbweu, piga yowe, piga vigelegele. Pantoni ya Kigamboni ikiondoka inapiga honi, na hakuna anayefikiri kuna kitu kimepigwa kwa fimbo.

Sasa jambo la tatu. Katika kurasa ulizonitumia kuna sentensi hii: "Treni ilinguruma ndani ya stesheni." Najua ilikotoka. Kiingereza kinaruhusu kitenzi cha sauti kibebe pia mwendo: chombo "kinanguruma" kuingia mahali, risasi "inapiga mluzi" kupita sikioni, mkokoteni "unagongagonga" kuteremka mtaa. Beth Levin, mwanaisimu aliyeainisha vitenzi vya Kiingereza mwaka 1993, aliviweka vitenzi vya kutoa sauti katika kundi lao, mbali na vya sauti za wanyama na vya namna ya kusema. Kundi hilo lina tabia hii: kitu kinachotoa sauti kwa sababu kinakwenda kinaweza kuelezwa kwa kitenzi cha sauti peke yake, na kihusishi kikamalizia mwendo.

Kiswahili hakifanyi hivyo. Msomaji wako ataelewa kwamba treni tayari iko stesheni, imesimama, inanguruma. Hakuna aliyefika popote. Kwetu mwendo ndio unaoshika usukani na sauti inakaa nyuma yake kwa *-ki-*: "Treni iliingia stesheni ikinguruma." "Risasi ilimpita sikioni ikivuma." "Mkokoteni uliteremka mtaani ukigongagonga." Pitia kazi yako yote kwa jicho hili. Nilipoisoma, makosa ya aina hii yalikuwa mengi kuliko "ilitoa sauti", na mhariri hakuyaona hata moja. Ila usiangukie upande wa pili, ule wa lugha ya habari: "iliingia huku ikitoa sauti ya kunguruma". Ikinguruma imetosha. Maneno manne ya ziada hayajaongeza hata desibeli moja.

Na pale Kiswahili kisipokuwa na kitenzi, kina kitu ambacho Kiingereza kinakitumia kwa woga, hasa kwenye vibonzo: tanakali za sauti. Clement Doke, aliyezichunguza sana lugha za Kibantu za kusini mwa Afrika, alizieleza mwaka 1935 kama aina ya neno inayojitegemea, na akazipa jina la ideofoni. Alikuwa na sababu. Katika lugha zetu maneno haya yana kazi ya kisarufi, hayakuwekwa kuchekesha. Mtu akianguka majini, anaanguka *chubwi*, mchangani, *tifu*, matopeni, *bwata*, sakafuni, *pa*, akiwa mzito kama gunia, *puu*. Angalia kilichotokea: kitenzi ni kimoja, anguka, na sauti imetuambia alipoangukia. Kiingereza kingebadilisha kitenzi kila mara. Sisi tunabadilisha mkia. Ukiandika "jiwe lilitumbukia kisimani chubwi", umeshatafsiri kile kitenzi cha majini kilichokusumbua, na mtoto atakuomba umsomee tena.

Masharti yake ni machache. Usiifunge tanakali kwa alama za mtajo, kwa sababu ni neno kama maneno mengine. Usiweke "kwa sauti ya" mbele yake: "alianguka kwa sauti ya chubwi" ni sawa na kueleza utani baada ya kuusema. Usiirundike pia, moja kwa tukio moja. Na kumbuka zinatofautiana: aliyekulia Tanga na aliyekulia Mwanza wanaweza wasikubaliane juu ya tope, na wote wawili wakawa sahihi. Chagua inayosikika vizuri ukisoma kwa sauti.

Kwa majibizano ya wahusika nitasema kidogo tu. Kiingereza hupenda kila anayesema apewe kitenzi kipya. Tunavyo: nong'ona, nung'unika, foka, ng'aka, bwata, payuka. Lakini vina hukumu ndani yake. Umeandika "'Nisaidieni!' alipayuka bibi." Kupayuka ni kusema kwa sauti maneno yasiyopimwa; bibi wa watu anazama na wewe unamtukana. Alipiga yowe. Na pale ambapo hakuna hisia ya pekee, "akasema" na "akajibu" hazimchoshi msomaji wa Kiswahili, amezizoea tangu hadithi za jioni.

Usije ukafuta kila "ilitoa sauti" kwa hasira ya mhariri. Katika ile hadithi ya pango, watoto wako gizani na hawajui mbele yao kuna mnyama, maji au mtu. Hapo "kitu kilitoa sauti" ndiyo tafsiri sahihi. Ukiandika "kilinguruma" utakuwa umewaambia ni simba kurasa mbili kabla ya mwandishi.