Tutu ya Wakati wa Vita Haikushonwa kwa Parachuti, na Haifuliwi

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Ninaishi Leicester, Uingereza. Mwaka jana nilinunua sokoni tutu, yaani vazi la mcheza baleti lenye marinda ya kusimama, ambayo muuzaji alinihakikishia kwamba ilishonwa kwa hariri ya parachuti na kuchezewa London mwaka 1943. Marinda yake yamelegea na kugeuka rangi ya manjano. Fundi mmoja amenishauri nichome kipande kidogo ili kuthibitisha kwamba ni hariri, kisha niiloweke katika maji ya uvuguvugu yenye dawa ya kupausha nguo, na mwisho niitie kanji iliyochanganywa na sukari ili isimame tena. Je, kanji iwe kiasi gani, na niiloweke kwa muda gani?

JIBU: Marahaba. Usitie kanji, usitie dawa, usitie maji, na kiberiti kiweke mbali kabisa na nguo hiyo. Naandika kwa ukali kidogo kwa sababu katika kazi yangu ya kuhifadhi mavazi ya jukwaani hadithi hii ya parachuti hunifikia mara kwa mara, na karibu kila inaponifikia huwa imefuatana na ushauri wa kuloweka, kana kwamba nguo iliyopita katika vita haina budi kumalizikia katika beseni.

Kitambaa cha parachuti hufumwa kwa kubanwa, uzi ukikaa bega kwa bega na mwenziwe, ili kizuie hewa na kuweza kumbeba mtu. Tutu inahitaji kinyume chake. Marinda yake husimama kwa sababu ni neti, yaani nyuzi zilizosokotana na kuacha matundu madogo ya pembe sita kama ya chandarua au ya shela la bibi harusi, na kila tundu hulitegemeza jirani yake, hivyo kitambaa hupata ukakamavu bila kuongezeka uzito. Ukiikata hariri ya parachuti miduara kumi na kuishona kiunoni utapata sketi nzuri inayoteleza hadi magotini, lakini hutapata tutu, kwa maana haina kinachoisimamisha. Kwa hiyo huhitaji kuchoma chochote: beba nguo yako hadi dirishani, inua tabaka moja la marinda, nawe ukiona mwanga unapita katika matundu, basi mbele yako hakuna parachuti.

Sisemi kwamba parachuti hazikupata kushonwa nguo. Zilishonwa, na jumba la makumbusho la Smithsonian kule Washington linahifadhi gauni la harusi ya mwaka 1947 lililotokana na parachuti ya nailoni iliyomwokoa rubani wa ndege ya B-29. Gauni la harusi, nguo za ndani, blauzi, pengine hata bodisi ya mchezaji, yaani sehemu ya juu inayobana kifua: hayo yote yanawezekana. Kinachoniudhi ni kwamba wauzaji wa vitu vya kale wamelichukua jambo la kweli lililotokea kwenye mavazi ya aina moja, wakalibandika juu ya mavazi ya aina nyingine ambayo yasingeweza kushonwa hivyo, kwa sababu neno parachuti hupandisha bei.

Historia yenyewe ina uzito kuliko hadithi hiyo. Neti ya kufumwa kwa mashine ilipatikana kwa wingi tangu John Heathcoat alipobuni mashine yake mwanzoni mwa karne ya 19, na mji wa Nottingham, ambao hauko mbali na hapo ulipo, ukajengeka juu ya neti na lesi. Vita vilipoanza mwaka 1939, viwanda vya namna hiyo vilielekezwa kwenye mahitaji ya jeshi, yakiwemo vyandarua vya askari waliopelekwa katika nchi zenye malaria. Hariri ikaenda kwenye parachuti, na nailoni, ambayo ilikuwa imetangazwa kwa umma huko Marekani mwaka 1938 tu, nayo ikaenda jeshini. Kuanzia tarehe 1 Juni 1941 nguo nchini Uingereza zilinunuliwa kwa kuponi, kila mtu mzima akipewa kuponi 66 kwa mwaka wa kwanza, na mgawo huo haukuondolewa hadi Machi 1949, karibu miaka minne baada ya mizinga kunyamaza. Tutu moja hula mita nyingi mno za neti. Katika nyakati hizo ilikuwa vigumu kwa fundi wa jukwaani kuwa na mita hizo mkononi.

Sasa fikiria hali ya kundi la baleti la Sadler's Wells la London. Mapema mwezi wa Mei 1940 lilikuwa ziarani Uholanzi, likiongozwa na mwanzilishi wake, Ninette de Valois, na Margot Fonteyn akiwa miongoni mwa wachezaji. Majeshi ya Ujerumani yalipoivamia nchi hiyo tarehe 10 Mei, wachezaji walikimbia na kurejea nyumbani kwa meli ya mizigo, wakaacha nyuma mandhari ya jukwaa, mavazi na karatasi za muziki. Baleti ya Frederick Ashton iitwayo Horoscope, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1938, ilipotea katika tukio hilo, maana hata muziki wake kamili wa okestra ulibaki huko. Kundi lililorudi mikono mitupu ndilo lililoendelea kucheza London na mikoani, kuna wakati kwa piano mbili badala ya okestra, mbele ya watazamaji ambao wengi wao walikuwa wamevaa sare za jeshi. Mtu anayetaka kujua tutu za miaka hiyo zilitoka wapi aanze na habari hizo: nyingi zilitoka katika tutu za zamani zilizofumuliwa na kushonwa upya.

Katika nguo za kipindi hicho ambazo nimewahi kuzichunguza, ninachokutana nacho ni neti ya pamba na tarlatani, ambayo ni pamba nyepesi ya jamii ya melimeli iliyokaushwa kwa kanji tangu kiwandani. Nakuta marinda ya juu ni mapya kuliko ya chini, kwa sababu yale yanayoonekana ndiyo yaliyopewa kitambaa kizuri. Nakuta kiuno kilichopanuliwa kwa kipande cha rangi nyingine upande wa ndani, bandi zilizopigwa kwa nyuzi za aina tatu, na kulabu zilizohamishwa mara kadhaa kufuata miili ya wasichana tofauti. Ukikuta hayo katika nguo yako, una ushahidi wa vita ulio bora kuliko cheti chochote cha muuzaji. Ukikuta kwamba neti yote ni ya nailoni, basi marinda hayo karibu kwa hakika ni ya baada ya vita, wala hilo halina aibu, ila usilipie bei ya mwaka 1943. Tofauti ya nyuzi hizi huonekana bila shida chini ya hadubini: pamba hujipinda kama utepe, na nailoni ni laini na ya mviringo kama fimbo. Uzi mmoja uliokwisha kung'oka wenyewe unatosha.

Kuhusu kiberiti, naomba nieleweke vizuri. Neti ni kitambaa kilichojaa hewa, na ndiyo sababu hushika moto kwa kasi ya kutisha. Mnamo Novemba 1862, katika mazoezi kwenye Opera ya Paris, sketi ya mcheza baleti Emma Livry iligusa taa ya gesi. Kulikuwa na dawa ya kuzuia moto, lakini aliikataa kwa sababu ilikikakamaza kitambaa na kufifisha weupe wake. Alifariki Julai 1863 baada ya miezi minane ya mateso, akiwa na umri wa miaka 20. Jaribio la kuchoma uzi hufanywa na mtu aliyefundishwa, kwa uzi mmoja ulioondolewa, mbali na nguo. Fundi anayemwambia mteja akafanye jaribio hilo peke yake sebuleni hastahili kusikilizwa katika jambo jingine lolote.

Dawa ya kupausha ni janga la aina nyingine. Klorini huyeyusha hariri na huvunjavunja nyuzi za pamba, na pale penye kutu ya kulabu au ya waya wa ukingo, uharibifu huo huenda kwa kasi zaidi. Manjano unayoyaona hayakai juu ya kitambaa kama vumbi likaavyo juu ya meza. Sehemu kubwa yake ni pamba yenyewe iliyozeeka. Ukiyaondoa kwa nguvu, unaondoa pamoja nayo kilichobaki cha uimara wa uzi. Maji matupu nayo hayana usalama, kwa sababu tarlatani hubebwa na kanji yake ya awali: ikilowa, kanji huyeyuka, na kitambaa cha miaka 80 hubaki kama utando. Kanji mpya yenye sukari itaifanya isimame kwa miezi michache, kisha itakatika kwenye mikunjo, na kabla ya kukatika itakuwa imewaita wadudu na ukungu. Hata tutu za leo, zinazovaliwa usiku baada ya usiku, marinda yake hayatumbukizwi majini ovyo: mafundi wa majumba ya maonyesho hunyunyizia vodka upande wa ndani wa bodisi ili kuondoa harufu, kisha huzitundika juu chini. Hiyo pia usiifanye kwa nguo yako, maana wao wanatunza nguo ya kazi, na wewe una nguo iliyokwisha kustaafu.

Utakachofanya ni hiki. Tafuta sanduku pana la kutosha ili marinda yasikunjwe, tandika karatasi laini isiyo na asidi, ulaze tutu juu chini, na ujaze nafasi kati ya tabaka na tabaka kwa karatasi hiyo hiyo iliyofinyangwa polepole. Iweke chumba cha ndani cha nyumba, si darini wala chini ya ardhi, mahali penye unyevunyevu wa karibu asilimia 50 usiopandapanda na kushuka. Vumbi liondolewe kwa mashine ya kuvuta iliyopunguzwa nguvu, mdomo wake ukiwa umefunikwa kwa kipande cha neti. Kilichochanika kiachie mhifadhi aliyesomea kazi hiyo. Gundi isiikaribie kabisa.

Najua kinachowavuta watu kwenye beseni ni mapenzi. Tangu mcheza baleti Marie Taglioni alipopanda jukwaani Paris tarehe 12 Machi 1832 katika baleti ya La Sylphide akiwa na sketi yake nyeupe, tutu imekuwa nguo ya mtu anayeonekana kutoigusa ardhi, na ni rahisi kuelewa kwa nini watu waliotoka katika mitaa iliyobomolewa kwa mabomu walipanga foleni kwenda kuitazama. Jumba la opera la Covent Garden huko London, lililokuwa ukumbi wa dansi katika miaka ya vita, lilifunguliwa tena tarehe 20 Februari 1946 kwa baleti ya The Sleeping Beauty, mavazi yakiwa yamebuniwa na Oliver Messel, ambaye vitani alikuwa ofisa wa kuficha ngome zisionekane na adui. Kuponi zilikuwa bado zinatumika usiku ule. Weupe uliowaliza watu ulitengenezwa kutokana na vitu haba, na alama za uhaba huo ziko ndani ya nguo, upande ambao mtazamaji hakuuona.

Alama hizo ndizo zinazofutwa na hawa wanaojitangaza kuwa warudishaji wa nguo za kale katika upya wake. Wanawaendea warithi wa wachezaji, wanawaendea walimu wa baleti waliostaafu, wanaahidi weupe wa siku ya kwanza, na picha zao za kabla na baada hupigwa siku ileile, kabla nyuzi hazijaanza kukatika. Miaka michache iliyopita mama mmoja aliniletea ndoo iliyofunikwa. Ndani yake mlikuwa na kile kilichosalia cha tutu baada ya saa 3 katika dawa ya mtu wa namna hiyo, na marinda yalikuwa yameshikamana kama karatasi iliyonyeshewa. Niliutafuta utepe wa kiunoni, mahali ambapo mafundi wa zamani waliandika kwa wino jina la kila mchezaji aliyeivaa na kulikata la aliyemtangulia. Utepe ulikuwepo. Wino ulikuwa umekwenda na maji, na yule mama alikuwa amekuja kuniuliza kama la shangazi yake lilikuwa mojawapo.